Nazi 30 za Shangazi

Shangazi yetu aliolewa Garissa miaka mingi iliyopita, na kila tunapotaka kwenda kumzuru humuuliza kwa simu tumchukulie nini. Jawabu lake halibadiliki: "Nazi, wanangu." Siku zote tulidhani ni hamu tu ya mtu aliyezaliwa Malindi, ambaye ulimi wake haujasahau wali wa tui. Safari hii tukatia gunia la nazi 30 nyuma ya gari, tukalifunika kwa mkeka, wala hatukulifikiria tena hadi tulipoteremka mlangoni pake.

Kwetu nazi haina makuu. Mtoto hutumwa dukani akarudi nayo akiipiga teke njia nzima. Lakini pale mlangoni, kabla hatujamaliza kumbusu shangazi mkono, jirani yake alikwisha kuuliza kama gunia lile linauzwa. Alikuwa radhi kutoa shilingi 100 kwa kila nazi. Sisi tulizinunua kwa 35. Tulicheka tukidhani ni maskhara, shangazi hakucheka. "Ndiyo bei yake hapa," akasema, "ikipatikana."

Tulikaa siku nne, na hiyo ilikuwa bei ya kwanza tu ya kutushangaza.

Asubuhi ya pili tuliamshwa na mlio wa magurudumu na kwato. Ulikuwa mkokoteni wa punda, umebeba mitungi ya plastiki ya manjano, kila mmoja lita 20 za maji. Mabomba ya mtaa yalikuwa makavu kwa siku mbili. Shangazi alinunua mitungi 10 kwa shilingi 30 kila mmoja, na hiyo ilikuwa ya siku ile peke yake, kwa kuwa nyumba ilikuwa na wageni wanaotaka kuoga na kutawadha. Mmoja wetu, ambaye hana subira na hesabu, alikokotoa papo hapo: lita 1,000 kwa bei hiyo ni shilingi 1,500. Mwenye bomba linalotoka maji, awe Garissa au Mombasa, hulipa sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Basi anayekosa bomba ndiye anayelipia maji ghali zaidi, na haya tumeyaona hata kwenye mitaa ya kwetu Pwani, ila hatukupata kuyahesabu.

Lililotusumbua ni kwamba mto upo. Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, unapita ubavuni mwa mji. Ukisimama darajani utaona maji mengi ya rangi ya udongo yakiteremka kuelekea kwetu, kwenda kumwagika baharini upande wa Kipini. Tulimuuliza kijana wa mkokoteni inakuwaje maji yauzwe bei hiyo katika mji wenye mto kama ule. Hakukasirika. Alituhesabia: mkokoteni si wake, hukodi kwa siku, punda hula, tairi hupasuka kwa miiba, na kutoka anakoteka hadi mtaani kwa shangazi, kwenye mchanga na jua la saa tano, hawezi kwenda safari nyingi. "Maji ni ya Mungu," akasema akikaza kamba. "Mnamlipa punda."

Kuanzia hapo tukaanza kuitazama kila bei kwa jicho hilo, tukitafuta punda wake yuko wapi.

Tulikwenda Suq Mugdi, soko maarufu la mji, ambalo jina lake kwa Kisomali lina maana ya soko la giza. Vitambaa vya dirac tulivikuta kwa bei isiyoachana sana na ya Mombasa, na baadhi yake nafuu zaidi. Basta na mchele vivyo hivyo. Lakini nyanya zilikuwa mara mbili ya bei ya nyumbani, na karoti tulizipita kwa adabu bila ya kuuliza. Tofauti hii ilitutatiza mpaka muuzaji mmoja wa nyanya, mama wa makamo aliyejifunika mtandio wa kijani, alipotufafanulia. Kitambaa hakiozi. Hukaa kwenye lori wiki nzima kikafika kilivyo. Nyanya zake hutoka nyanda za juu, huteremshwa hadi kwenye joto linalopita nyuzi 35, na kila anapofungua kreti hutupa sehemu yake. "Abayo," akamwambia mkubwa wetu, yaani dada, "unanunua hizi unazoziona na zile ambazo sikukuonyesha."

Ndiyo habari ya nazi pia. Wanaoila Garissa ni wachache, kwa hiyo hakuna lori linalofunga safari kwa ajili yake. Hufika chache chache, chini ya viti vya basi, zikakaa dukani siku nyingi zikingoja mtu wa Pwani au mtu aliyeoa Pwani. Mwenye duka hana budi kuzipandishia, maana nyingine zitamharibikia. Kinyume chake, ndizi, tikiti na embe za mashamba ya kando ya Tana, msimu wake unapofika, huuzwa kwa bei ya kumtia mtu huruma kwa mkulima. Njiani tulipopita Hola tulinunua embe kwa fedha ambazo Mombasa zisingetosha nauli ya matatu.

Tukiwa tumekaa barazani jioni hiyo, mume wa shangazi alitukumbusha kwamba kuna wakati hata bei hizo huonekana rahisi. Mnamo Novemba 2023, mvua za El Niño zilipoujaza Tana, barabara kati ya Garissa na Madogo ilikatika, na mji ukawa kama kisiwa. Malori ya kutoka Nairobi yalikwama ng'ambo. Watu na mizigo wakavushwa kwa mashua. Kila kilichovuka kilipakiwa mara mbili na kushushwa mara mbili, na kila mkono ulitaka ujira wake. Mwaka uliofuata maji yakarudi, na mwishoni mwa Aprili 2024 mashua ilipinduka pale Kona Punda, watu wakafariki. Mzee alinyamaza kidogo hapo. Siku zile, alisema, hakuna aliyebishana juu ya bei ya vitunguu.

Garissa, hata hivyo, iko karibu. Ina barabara ya lami ya kilomita kama 370 hadi Nairobi. Anayetaka kuijua bei ya umbali aitazame Mandera, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka mji mkuu, ambako sehemu kubwa ya njia ni vumbi wakati wa jua na tope wakati wa masika. Kila tarehe 14 ya mwezi serikali hutangaza bei ya juu kabisa ya mafuta ya gari kwa kila mji. Katika orodha hiyo Mombasa, bandarini yanakoshushwa, huwa chini kabisa, na Mandera juu kabisa, tofauti ikipita shilingi 10 kwa lita. Na petroli hiyo ghali ndiyo inayobeba unga, dawa na madaftari ya shule. Juu yake kuna hofu. Basi lililotoka Mandera lilishambuliwa Novemba 2014 na abiria 28 wakauawa. Desemba 2015 karibu na El Wak washambuliaji walisimamisha basi jingine, na abiria Waislamu wakakataa kujitenga na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi siku hiyo, alifariki mwezi uliofuata, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tangu hapo safari za kaskazini zimekuwa za kungoja askari wa kusindikiza. Lori linalongoja nalo lina gharama yake, na gharama hiyo huishia kwenye kikombe cha chai cha mtu fulani.

Umbali huu haukuumbwa na mchanga peke yake. Serikali ya kikoloni, kwa sheria ya mwaka 1902, iliifunga nchi ya kaskazini: hakuingia wala kutoka mtu bila ya kibali. Baada ya uhuru, waraka wa serikali nambari 10 wa 1965 ukaelekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yaliyohesabiwa kuwa na rutuba na mvua, ambako zingezaa haraka. Kaskazini ikaambiwa ingoje. Barabara kubwa ya Isiolo, Wajir na Mandera ndiyo kwanza inajengwa miaka hii yetu. Si ajabu, basi, kwamba muda mrefu watu wa mpakani waligeuza nyuso zao mashariki: sukari, mchele na maziwa ya unga ya kutoka Kismayu yalikuwa yakiwafikia kwa bei ya chini kuliko ya viwanda vya kwao wenyewe. Hatuisifu biashara ya magendo, ambayo imewatajirisha wengi wasiostahiki. Lakini mama anayenunua robo kilo ya sukari haulizi imepita bandari gani.

Kuna kitu kimoja ambacho bei yake haikubadilika hata senti kati ya Malindi na Garissa, nacho ni umeme. Kiwango ni kimoja nchini kote. Wajir na Mandera hutegemea mitambo ya kuchoma dizeli, na gharama ya dizeli hiyo huchangiwa na wateja wote, wewe wa Kisauni ukiwamo. Karibu na mji wa Garissa kuna uwanja mkubwa wa sola wa megawati 50, uliozinduliwa Desemba 2019. Umeme wake huingia kwenye gridi ya taifa na huenda ukawasha feni yako wakati huu unaposoma. Tulipoyazungumza hayo, shangazi aliuliza swali ambalo hatujapata jawabu lake hadi leo: kama umbali wa umeme unaweza kugawanywa kwa watu wote, kwa nini umbali wa maji aubebe yeye na punda?

Siku ya tatu kaka yetu alitaka kuona soko la mifugo, nasi tukafuatana naye. Wafugaji huleta wanyama kutoka mbali, wengine kutoka ng'ambo ya mpaka, na soko la Garissa ni miongoni mwa yale makubwa kabisa katika Afrika Mashariki. Hapa tuligeukiwa na mshangao wetu wenyewe. Mbuzi ambaye kwetu, wiki moja kabla ya Idi, humtoa mtu jasho, pale alikuwa akiuzwa kwa bei iliyotufanya tutazamane. Tukasema mbona rahisi. Mfugaji mmoja mzee, aliyesimama na mbuzi wake wanne akiegemea fimbo, alitutazama kwa namna ambayo tulitamani tungenyamaza.

Kwa mfugaji, bei ya unga haijulikani kwa shilingi. Inajulikana kwa mbuzi. Mamlaka ya kitaifa ya kukabiliana na ukame hutoa taarifa za kila mwezi za kaunti hizi, na miongoni mwa vipimo vyake kimo hiki: mbuzi mmoja hununua kilo ngapi za mahindi. Mvua zikiwa njema, mbuzi mnono hununua unga wa kuitosha nyumba kwa siku nyingi. Kiangazi kikizidi, mbuzi hukonda, wenye mbuzi wote hutaka kuuza kwa pamoja, bei yao huanguka. Na wakati huo huo mahindi, yaliyopungua kila mahali, hupanda. Huyu mtu basi huumia mara mbili kwa jambo moja. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila ya mvua ya kutosha, na mzee yule alitueleza kuwa mwisho wake alikuwa akiuza mbuzi ili amnunulie maji ng'ombe, kisha ng'ombe akafa.

Kati yake na sisi alisimama dalali. Tuliona namna mambo yalivyokwenda: wanyama wengine walikwisha kununuliwa nje ya mji, kabla mwenyewe hajaisikia bei ya soko. Mtume (SAW) alikataza misafara isiendewe njiani kabla haijafika sokoni, na alikataza mtu wa mjini asimuuzie mtu wa jangwani. Ibn Abbas alipoulizwa maana yake alisema asiwe dalali wake. Tuliyasoma hayo utotoni katika fiqhi ya biashara, tukayakariri kama tulivyokariri mengine, tukidhani ni habari za ngamia wa zamani. Ngamia wale wale walikuwa mbele yetu. Ni kweli kwamba si kila dalali ni dhalimu. Wapo wanaomjulisha mgeni na kumdhamini mbele ya mnunuzi asiyemjua. Lakini mzee wa mbuzi wanne hakujua kwa yakini mbuzi wake wameuzwa ngapi, na hilo halikutuelea vyema.

Usiku huo tulimshikilia mume wa shangazi. Tukasema serikali na iweke bei: ya maji, ya unga, ya nyanya pia. Yeye amesoma, na huwa hajibu haraka. Akatusimulia kuwa zama za Mtume (SAW) bei zilipanda Madina, watu wakamwomba awawekee bei, naye akakataa, akasema kwamba Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuweka bei, na kwamba anataraji kukutana na Mola wake pasiwepo mtu anayemdai dhuluma ya damu wala ya mali. Wanazuoni wengi wa madhehebu yetu ya Shafi wameshikilia katazo hilo. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim waliona kuwa wafanyabiashara wakiwadhulumu watu, mtawala aweza kuwalazimisha bei ya uadilifu. "Lakini tafuteni kwanza," akasema mzee, "ni nani aliyedhulumu. Mkimwekea bei kijana wa punda, mtakunywa nini kesho?"

Shangazi alikuwa kimya, akipekua daftari. Tulidhani ni la mapishi. Lilikuwa la madeni: siku, kitu, kiasi, duka. Mafuta ya kupima, sukari robo, unga kilo moja, sabuni nusu mche. Tukaona kwamba anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kuliko anayenunua gunia, na kwamba wanaonunua kidogo kidogo ndio wasio na fedha za gunia. Ramadhani, alisema, barafu peke yake ilimalizia kurasa mbili.

Kurasa za mwisho za daftari hilo zilikuwa na majina ya wanawake 12 wa mtaani. Ni ayuto yao, mchezo wa fedha wa zamu kama unavyochezwa kwetu, ila mwaka huu wamekubaliana kila mmoja aache sehemu ya zamu yake kwa ajili ya tangi la lita 5,000 kwenye kiwanja cha madrasa, lijazwe siku mabomba yanapotoka, litumike siku yanapokauka. Wamefika zaidi ya nusu. Kijana wa punda hatafurahi, tukasema. Shangazi akajibu kwamba yeye ndiye wa kwanza waliyemwambia, na kwamba mamake ni namba saba katika orodha.

Asubuhi ya kuondoka, gunia la nazi lilifunguliwa. Shangazi alijiwekea 6. Zile 24 aliwagawia wanawake wa daftari, mbili mbili, kwa shilingi 35 kila moja, yule jirani wa 100 akiwa miongoni mwao, na fedha zote zikaenda kwenye mchango wa tangi. Mdogo wetu hakuweza kujizuia. Akamwambia shangazi kwamba kwa bei ya mjini angepata shilingi 1,560 zaidi, ambazo ni maji ya siku tano, au zingekwenda kwenye tangi hilo hilo.

"Bei ya 100 ni ya nazi na nauli yake," shangazi akasema. "Hizi zimekuja na nyinyi. Nyinyi mlikuja kuniona mimi. Nauli ipi nitakayowatoza?"

Akatufungia kopo la nyirinyiri lililojaa samli hadi mdomoni, na mtungi mdogo wa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, akakataa katakata kutuambia amenunua kwa kiasi gani. Tulivuka daraja kabla ya jua kupanda. Mwezi ujao gari la kaka yetu litapita Garissa likielekea Wajir, na nyuma yake kuna nafasi. Tumekwisha kumuulizia muuza nazi wetu bei ya magunia mawili.